Sura ya Nne: Ratili Hamsini

Mwezi Machi 1917 serikali ya kikoloni mjini Nairobi ilimkabidhi John Ainsworth kazi ya kulitafutia jeshi la Waingereza wapagazi. Ainsworth hakuwa mgeni wa kuamuru. Kwa takriban miaka kumi alikuwa ametawala jimbo la Nyanza, na machifu wake aliwajua vizuri. Kufikia Agosti mwaka huohuo, watu wapatao 120,000 walikuwa wamekusanywa kutoka pembe mbalimbali za nchi tunayoiita Kenya leo, na Nyanza ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyokamuliwa zaidi. Nyanza ya siku hizo ilikuwa na wilaya ya North Kavirondo, na katika wilaya hiyo ndimo ilimokuwa nchi ya Waidakho na kijiji cha Malinya.

Leo ukimtajia Mkenya jina la Malinya, huenda akakumbuka mchezo wa fahali. Watu hufurika uwanjani, ngoma za isukuti zinarindima, wenye fahali wanatembea mbele ya wanyama wao wakiwasifu, na fahali wawili wanafungana pembe mpaka mmoja ageuke akimbie. Ni mahali panapofaa kuipima upya methali tunayoitaja kila tunapozungumzia vita vya wakubwa, kwamba fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Kwa habari ya sura hii methali hiyo haitoshi. Fahali hukanyaga nyasi bila kukusudia, maana macho yake yako kwa mwenzake. Watu wa Idakho hawakuumia kwa namna hiyo. Walihesabiwa, wakaitwa kwa nguvu ya sheria, wakapewa namba, wakapimiwa chakula na mzigo. Bila wao jeshi lisingesogea hata kambi moja.

Hilo ndilo nitakalolieleza hapa. Uingereza, dola kubwa kuliko zote duniani wakati ule, ilipoivamia nchi jirani iliyokuwa chini ya Ujerumani, iliyoitwa baadaye Tanganyika, ilihitaji mitambo ya utawala ya kuwatoa watu majumbani mwao kwa makumi ya maelfu. Vita vilipokwisha mwaka 1918, mitambo hiyo haikuvunjwa. Iliendelea kusaga watu wa magharibi ya Kenya kwa miaka mingi baada ya bunduki kunyamaza, na baadhi ya madhara yake tunaishi nayo bado.

Vita vya jirani

Uingereza iliingia vitani tarehe 4 Agosti 1914. Siku nne baadaye manowari yake HMS Astraea ilikuwa ikiipiga Dar es Salaam kwa mizinga. Katikati ya mwezi huohuo Wajerumani walivuka mpaka na kuiteka Taveta. Mnamo Novemba Waingereza walijaribu kuteremsha jeshi kubwa kutoka India kwenye pwani ya Tanga, wakashindwa vibaya. Baada ya hapo pande zote zikajua kwamba vita hivi havitakwisha upesi.

Mapema mwaka 1916 Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini alikabidhiwa majeshi ya Uingereza. Mwezi Machi alipita kando ya Kilimanjaro na kuichukua Moshi, na mwezi Septemba Dar es Salaam ikaanguka. Lakini kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, hakuwa na nia ya kulinda miji. Nia yake ilikuwa kuwavuta Waingereza kusini, ndani zaidi ya pori, awafanye watumie watu na mali nyingi kadiri iwezekanavyo ili visipelekwe Ulaya. Aliwavuta mpaka mto Rufiji, mpaka Mahiwa karibu na Lindi, kisha akaingia Msumbiji. Alijisalimisha tarehe 25 Novemba 1918 kule Abercorn, mji unaoitwa Mbala leo katika nchi ya Zambia, wiki mbili baada ya Ulaya kuweka silaha chini.

Katika mkakati huo wote, Mwidakho alikuwa na nafasi gani? Hakuwa na ugomvi na Mrufiji wala Mgogo. Hakuwa na deni na Mjerumani. Hakupewa hata bunduki. Alipewa mzigo.

Hesabu ya mzigo

Mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikuwa ratili 50, kama kilo 23. Chakula chake kwa siku kilikuwa kama ratili mbili za nafaka. Ukizishika tarakimu hizo mbili tu, utauelewa msiba mzima.

Tuseme jeshi liko mwendo wa siku kumi kutoka ghalani. Mpagazi anaondoka na ratili 50 za unga. Siku kumi za kwenda na kumi za kurudi atakula ratili 40. Kwa hiyo, baada ya jasho lote hilo, anamfikishia askari ratili 10, ambazo ni chakula cha askari watano kwa siku moja. Ili kulisha askari 1,000, lazima wapagazi 200 wafike kambini kila siku. Na kwa kuwa kila mmoja wao yuko njiani kwa siku 20, lazima pawe na wapagazi 4,000 barabarani wakati wote, na hapo hujapeleka risasi, dawa, mahema, wala machela ya majeruhi. Jeshi likisogea mbele mwendo wa siku mbili na nusu tu zaidi, unga wote unaishia tumboni mwa anayeubeba.

Wakuu wa jeshi walijaribu njia nyingine. Walileta farasi, nyumbu, punda na ng'ombe wa kukokota magari, na mbung'o wakawaua kwa makumi ya maelfu katika mwaka 1916. Magari ya mafuta yalizama katika matope. Reli za Wajerumani zilikuwa zimeng'olewa na madaraja yake kuvunjwa. Kilichobaki ni kichwa na bega la binadamu. Katika kipindi chote cha vita upande wa Waingereza ulitumia Waafrika wapatao milioni moja katika kazi za upagazi na vibarua, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Kongo na Tanganyika yenyewe. Takriban 100,000 kati yao walikufa. Kwa Kenya peke yake waliokufa walizidi 40,000.

Waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na uchovu. Na hapa inafaa tutazame chungu cha mpagazi kwa karibu. Nyumbani Idakho watu walizoea ugali wa mtama na wimbi, ndizi, kunde na mboga za majani zilizochemshwa taratibu. Jeshini walipimiwa unga wa mahindi, mara nyingi uliosagwa vibaya, ukiwa na chembe ngumu. Unga wa namna hiyo hutaka moto mkali na muda mrefu. Mpagazi alifika kambini jioni baada ya kutwa nzima ya mwendo, mvua inanyesha, kuni zimelowa, hana sufuria ila kopo, na alfajiri anatakiwa awe njiani tena. Alikula unga uliochemka nusu. Tumbo lililokwangulika kwa chembe mbichi halikustahimili vijidudu vya maji machafu, na mtu aliyeanza kuhara leo kesho alikuwa hawezi kuinua ratili 50. Oscar Watkins, ofisa aliyeongoza kikosi cha wapagazi, alipambana na wakuu wa jeshi ili chakula kiboreshwe na pawepo wapishi maalumu na hospitali. Mambo yalipoanza kutengenea, maelfu walikuwa wameshazikwa katika mashimo yasiyo na alama kando ya njia za Kilwa, Lindi na Rufiji.

Kutoka Idakho hadi Rufiji

Mwanzoni, mwaka 1914, wapo waliokwenda kwa hiari wakifuata mshahara. Habari za vifo ziliporudi vijijini, hiari ikaisha. Mwaka 1915 ikapitishwa sheria ya kuwachukua watu kwa lazima. Ngazi ya utekelezaji ilikuwa tayari, maana sheria ya 1912 ilikuwa imewapa machifu na wazee wa mitaa mamlaka ya kuita watu kazini. Sasa chifu alitumiwa idadi anayotakiwa kuileta, na asipoileta cheo chake kiko hatarini. Uamuzi wa nani aende na nani abaki ukawa mikononi mwa mtu mmoja aliyeteuliwa na boma, na askari wake wa kienyeji wakajua milango ya kugonga. Masikini, yatima na mwenye mgogoro na chifu hawakuwa na pa kukimbilia.

Kutoka Idakho na maeneo mengine ya Kakamega watu waliteremka kwa miguu hadi Kisumu, kisha wakapakiwa katika treni ya kwenda Nairobi, wakakaa katika kambi ya wapagazi. Hapo walipimwa afya, na katika mkusanyo mkubwa wa 1917 idadi kubwa ilikataliwa kwa udhaifu, ishara kwamba vijiji vilikuwa vimeshakaushwa. Waliokubaliwa walisafirishwa hadi Mombasa na kupakiwa melini kuelekea Dar es Salaam, Kilwa au Lindi. Masoko mawili makubwa ya Afrika Mashariki, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, yamesimama katika mitaa iliyopata majina yake kutokana na kambi za wapagazi hao.

Kila mmoja alipewa namba na kisahani cha kuonyesha namba hiyo. Jina lake liliandikwa na karani asiyeijua lugha yake, kwa tahajia aliyoibuni papo hapo, pamoja na jina la chifu wake. Alipokufa, mara nyingi taarifa haikuwa na pa kwenda. Mishahara mingi ya marehemu ilibaki mikononi mwa serikali, na familia nyingi hazikuiona.

Kwa jamii za Waluhya, Waidakho wakiwamo, jambo hili lilikata mahali panapouma. Kifo cha mtu mzima kina utaratibu wake: fahali huswagwa, isukuti hupigwa, ukoo hukaa kuulizana madeni na watoto, mjane hupangiwa maisha yake. Hata mtu akipotelea mbali na mwili usipatikane, familia huweza kuzika shina la mgomba badala yake, likakatwa kwa kimo cha mtu na kuingizwa kaburini, ili nyumba yake ifungwe kwa heshima na walio hai waendelee. Lakini mgomba huzikwa na watu walio na hakika kwamba mtu wao amekufa. Familia ya mpagazi haikuwa na hakika hiyo. Haikuletewa barua wala kisahani. Mke hakujua kama yeye ni mjane au ni mke wa msafiri. Ndugu hawakujua kama shamba ni la kugawa au la kutunza. Waliosubiri walisubiri, na ukoo ulipokata tamaa, uliamua pasipo ushahidi wowote. Mtu anayetafuta leo chanzo cha baadhi ya migogoro ya urithi wa ardhi katika vizazi vilivyofuata asiipuuze miaka hiyo.

Nchi iliyovamiwa

Haingekuwa haki kuzungumzia msiba wa Kakamega bila kuutazama wa Tanganyika. Majeshi ya pande zote mbili yaliishi kwa kuchukua nafaka na mifugo ya wenyeji, na yote mawili yaliwakamata wanaume wakabebe mizigo. Wapagazi wa upande wa Wajerumani ni vigumu hata kuwahesabu, kwa sababu wengi hawakuandikwa popote. Ugogoni, katika eneo la Dodoma, uporaji huo ulipokutana na ukame ulizaa njaa iliyoitwa Mtunya, iliyoua watu wanaokadiriwa kufikia 30,000. Mwishoni mwa 1918 mafua makali yaliyoenea duniani yakafuata njia za reli na za askari waliokuwa wakirudi, yakaingia Tanganyika na Kenya na kuwakuta watu walioishiwa nguvu.

Katika bonde la Rufiji aliuawa, tarehe 4 Januari 1917, ofisa wa Kiingereza na mwindaji mashuhuri Frederick Courteney Selous. Mwaka 1922 hifadhi kubwa ya wanyama ya eneo hilo ilipewa jina lake, na ikalibeba peke yake mpaka 2019, sehemu yake kubwa ilipotengwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Simlaumu marehemu. Ninachosema ni kwamba, katika pori lilelile walikofia maelfu ya wapagazi kutoka Kenya, Uganda na Tanganyika, mtu mmoja alipewa nchi nzima iwe kumbukumbu yake. Wao hawakupewa hata kibao chenye majina.

Mitambo haikuvunjwa

Waliorudi North Kavirondo walikuta nini? Kwanza, kipande. Sheria ya kuwaandikisha wanaume Waafrika ilipitishwa mwaka 1915, lakini ilianza kutekelezwa baada ya vita. Kila mwanamume aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kuwa na cheti chenye alama za vidole, jina la kabila lake na habari za mwajiri wake, kikiwa ndani ya kikasha cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni. Mtu aliyevua kisahani cha jeshi alivishwa kikasha cha mwajiri. Namba iliyomfuata Rufiji sasa ilimfuata shambani kwa mzungu, na kuondoka kazini bila ruhusa likawa kosa la jinai.

Pili, ardhi. Mwaka 1919 serikali ilianzisha mpango wa kuwagawia mashamba maofisa na askari wazungu waliopigana vita. Zaidi ya mashamba 1,000 yalitengwa, mengine katika Trans Nzoia na mengine katika nchi ya Wanandi waliopakana na Kakamega, ambao walinyang'anywa maili za mraba zipatazo 100. Mpagazi hakuwamo katika mpango huo. Alikuwamo kwa njia nyingine tu: mashamba hayo mapya yalihitaji vibarua. Oktoba 1919 Gavana Edward Northey aliwaagiza maofisa wa serikali na machifu wawahimize Waafrika kwenda kuyafanyia kazi. Wana wa Kakamega wakapanda kwenda kulima Trans Nzoia na Uasin Gishu katika ardhi iliyotolewa kuwa zawadi ya vita ambavyo baba zao walivibeba vichwani.

Tatu, kodi. Kodi ya nyumba ilipandishwa mwaka 1920 kutoka rupia tano hadi nane, katika nchi iliyotoka kwenye njaa na mafua, na mwaka huohuo nchi ikageuzwa kuwa Koloni la Kenya. Asiye na mazao ya kuuza alikuwa na kitu kimoja cha kulipia kodi, nacho ni mikono yake. Kwa hiyo kodi ilimrudisha kwenye kipande, na kipande kikamrudisha shambani.

Watu hawakunyamaza. Tarehe 23 Desemba 1921 umati ulikutana Lundha, katika nchi ya Gem jimboni Nyanza, na kuanzisha Young Kavirondo Association, chama kilichojulikana pia kama Piny Owacho. Walitaka kipande kiondolewe, kodi ipunguzwe, kazi ya kulazimishwa ikome, na nchi irudishwe kuwa himaya badala ya koloni. Soma madai hayo moja moja na utaona kwamba karibu kila moja ni jeraha la vita vya Tanganyika. Kodi ilipunguzwa kiasi. Kipande kilibaki mpaka miaka ya 1940.

Ndiyo maana Vita vya Pili vya Dunia vilipokuja, serikali haikuanza upya. Daftari zilikuwepo, machifu walikuwepo, watu walikuwa na namba. Mapema mwaka 1941 majeshi ya Uingereza yalitoka Kenya kuivamia Somalia iliyokuwa chini ya Italia, na tarehe 6 Aprili yalikuwa Addis Ababa. Kwa mara ya pili katika kizazi kimoja Kenya ilitumiwa kuwa kizingiti cha kuvamia jirani.

Majina

Sanamu ya wapiganaji Waafrika katika barabara ya Kenyatta, Nairobi, iliwekwa mwaka 1928. Ina watu watatu, mmoja wao akiwa mpagazi, na chini yake kuna maneno ya Rudyard Kipling yanayoahidi ukumbusho. Majina hayamo. Aprili 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafikia 350,000, waliokufa katika Vita vya Kwanza hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao wakiwa Waafrika. Tarehe 22 mwezi huo Ben Wallace, Waziri wa Ulinzi wa Uingereza, aliomba radhi bungeni. Ripoti ilisema wazi kwamba ubaguzi ulichangia. Iliichukua Uingereza zaidi ya miaka 100 kulisema jambo ambalo nyumba nyingi za Kakamega zilikuwa zikilijua.

Tusidhani kwamba habari hizi ni za kale tu. Urusi ilipoivamia Ukraine, jirani yake, Februari 2022, bei ya mbolea ya kupandia nchini Kenya ilipanda mpaka mfuko wa kilo 50 ukapita shilingi 6,000, na serikali ikalazimika kuingiza ruzuku. Mkulima wa mahindi wa Malinya alilipia vita ambavyo hakuulizwa maoni yake. Dola kubwa inapoingia kwa jirani, gharama yake husafiri mpaka imfikie asiye na nguvu ya kuikataa, na kwa kawaida yeye ndiye wa mwisho kuandikwa katika historia ya vita hivyo.

Kwa hiyo naomba jambo moja ambalo linawezekana. Taarifa za kila mwaka za wilaya ya North Kavirondo zimehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Nairobi. Koo za Idakho na za jirani zao wa Isukha bado zina wazee wanaoweza kutaja vizazi vitano au sita nyuma, na kuonyesha ni nyumba ipi iliyokatika na ni nani aliyekwenda na asirudi. Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kiko mjini Kakamega na kina wanafunzi wanaozisema lugha za wazee hao. Serikali ya kaunti inaweza kugharamia safari zao na jiwe la kuandikia. Majina yakusanywe ukoo kwa ukoo, yalinganishwe na nyaraka, yaandikwe kwa tahajia ya wenyewe, na yawekwe Malinya mahali ambapo umati hukutana. Kazi hiyo haihitaji kusubiri London. Ila wazee hawatakuwepo milele, na kila mmoja anayeondoka bila kuulizwa anakwenda na majina ambayo karani wa 1917 hakuyaandika sawasawa.